Daftari la Duka na Cheti cha Kazi
(Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano wa Mwaka wa Wanachama)



Halmashauri ilituagiza tuseme juu ya njia za kupanda daraja kazini na kustawisha biashara, kisha ikatukumbusha kwamba wazee hawapendi hotuba ndefu. Tutajitahidi. Mhasibu amekwisha kuwasomea hesabu za mwaka, nazo zimechapwa katika kurasa zilizotangulia, kwa hiyo hatutazirudia. Lakini lipo jambo moja ambalo hesabu zile hazisemi. Wanachama walioshindwa kurudisha mikopo ya biashara si wavivu, wala si wezi. Twawajua. Wengi wao hufungua maduka kabla ya jua kuchomoza na kuyafunga watoto wakiwa wamelala. Walishindwa kwa kuwa hawakujua, mpaka siku ya mwisho, kwamba mali ilikuwa ikipungua mikononi mwao.

Ndiyo maana halmashauri imeleta pendekezo mtakalolipigia kura baada ya chai: kwamba tangu mwaka ujao, atakayeomba mkopo wa biashara alete daftari la miezi mitatu lililoandikwa siku kwa siku. Twafahamu kuwa pendekezo hili halikuwapendeza baadhi ya wazee. Mzee mmoja tunayemheshimu sana alituambia mbele ya watu kwamba chama hiki kilijengwa juu ya kuaminiana, na kwamba kumdai mtu daftari ni kumwita mwizi kwa lugha ya makarani. Maneno yale yalituchoma, maana sisi ni karani, na twajua jinsi watu wa kalamu wanavyoweza kuwasumbua watu wa jembe. Tumeyafikiri siku nyingi, na leo twaomba ruhusa ya kuyajibu. Jibu letu litaanzia nyumbani kwetu wenyewe.

Ndugu yetu, mtoto wa mama yetu, alifungua duka la rejareja huko Ruiru, katika mtaa mmoja ulioota upesi mahali palipokuwa shamba la kahawa. Alikuwa amefanya kazi ya kibarua miaka saba, akaweka akiba kidogo kidogo, na mama yetu akauza ndama ili kumwongezea. Mahali palikuwa pazuri, kwenye njia panda ambapo watu hushuka matatu jioni. Wateja hawakukosa. Mwaka wa kwanza alinunua friji ya soda, nasi tukajisifu kwa ajili yake. Mwaka wa pili mbao za rafu zilianza kuonekana. Mwaka wa tatu alifunga, na ile friji ikabaki kwa mwenye nyumba badala ya kodi ya miezi minne.

Tulipokwenda kumsaidia kuhamisha vitu, tulikuta chini ya mizani daftari dogo la shule. Hakuandika mauzo humo, wala manunuzi. Aliandika majina ya watu waliochukua vitu kwa mkopo, basi. Tukalifungua tukiwa tumesimama. Jina la kwanza katika ukurasa wa kwanza lilikuwa letu: unga pakiti mbili, sukari kilo moja, mafuta ya kupikia, "atalipa mwisho wa mwezi." Ukurasa wa pili, jina letu tena. Tulijumlisha pale pale, kwa kuwa kujumlisha ndiyo kazi tuliyosomea, tukapata shilingi 6,430. Katika miaka ile yote mitatu sisi tulikuwa tukipokea mshahara kila mwezi. Hatukukosa fedha. Tulikosa tu kufikiri kwamba duka la ndugu ni duka. Hakutudai hata siku moja, na angewezaje kutudai? Baada ya jina letu lilifuata la mjomba, kisha la shangazi, la jirani, la mzee wa mtaa, la mwalimu wa kwaya. Jumla ya daftari zima ilikuwa kubwa kuliko mtaji aliokuwa ameanza nao.

Wazee wa pwani wana usemi kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Tuliufundishwa shuleni, tukaukariri, tukapewa alama, wala hatukuuelewa mpaka siku ile. Hakuna aliyemwibia ndugu yetu. Tulimla sisi jamaa zake, pakiti moja moja, huku tukimwombea heri.

Twaomba mtuvumilie tufanye hesabu ndogo. Unga wa mahindi hufungwa pakiti 12 za kilo mbili katika bunda moja. Tuseme mwenye duka amenunua bunda kwa shilingi 1,440, yaani kila pakiti shilingi 120, naye huiuza kwa shilingi 130. Faida yake kwa kila pakiti ni shilingi 10. Sasa jamaa achukua pakiti moja asiilipe. Duka limepoteza shilingi 120. Ili kuzirudisha, yampasa mwenye duka auze pakiti 12 nyingine, bunda zima, na faida ya bunda lile yote iishie kuziba pengo la ile pakiti moja. Aliyeichukua adhani amechukua unga wa chakula cha jioni. Kwa kweli amechukua kazi ya siku nzima ya mwenzake.

Daftari tunalolisema si jambo la kitaalamu. Ni safu nne tu zilizopigwa kwa rula: tarehe na maelezo, fedha iliyoingia, fedha iliyotoka, na iliyobaki. Kila jioni, kabla ya kufunga mlango, fedha zihesabiwe na kulinganishwa na safu ya mwisho. Zikipungua, afadhali ujue usiku ule ule, maana baada ya juma moja hakuna akumbukaye. Na wale wanaokopa waandikwe katika kurasa za nyuma, kila mtu na ukurasa wake, na kiasi ambacho hatakipita. Tangu M-Pesa ilipoanza mwezi wa Machi 2007, wateja wengi wamezoea kulipa kwa simu, na hapo pana mtego. Fedha ya simu haionekani kwa macho. Ya duka na ile aliyotumwa mtu kwa ajili ya karo ya mtoto zikikaa katika laini moja, baada ya siku tatu hakuna malaika awezaye kuzitenganisha. Duka liwe na namba yake ya kulipiwa, ile iitwayo till, na nyumba iwe na yake.

Kisha mwenye duka ajilipe mshahara. Twajua kwamba jambo hili huonekana kama mzaha, mtu kutoa fedha mfuko wa kulia na kuitia mfuko wa kushoto. Lakini si mzaha. Kiasi kijulikane, siku ijulikane, na chochote kinachokwenda nyumbani, uwe unga au sabuni, kiandikwe na kulipwa kutoka katika mshahara ule. Mama mmoja wa Thika, mwanachama wetu, auza mboga sokoni. Hujilipa kila Ijumaa. Mumewe akimwendea siku ya Jumatano akitaka fedha ya ghafla, yeye humjibu, "Ngoja Ijumaa, tajiri hajanilipa." Tajiri ni yeye mwenyewe, na mume ajua, lakini hungoja. Twamwona mama huyu ana akili kuliko vitabu vingi vya biashara tulivyovisoma.

Wengine huogopa daftari kwa sababu ya kodi. Twasema kinyume chake: asiye na daftari ndiye apaswaye kuogopa. Tangu Julai 2023 kodi ya mauzo ya biashara ndogo ilipandishwa kutoka asilimia 1 hadi asilimia 3, kwa yule ambaye mauzo yake ya mwaka yapita shilingi 1,000,000 na hayapiti shilingi 25,000,000. Shilingi milioni moja yaonekana kubwa sana, lakini igawanye kwa siku 365 utapata shilingi 2,740 hivi kwa siku, na duka lenye wateja wa kawaida hufika hapo kabla ya adhuhuri. Tena kodi hii hutozwa juu ya mauzo, si juu ya faida. Katika ile pakiti yetu ya shilingi 130, kodi ni shilingi 3.90, na faida ilikuwa 10. Mwenye duka asiyejua kwamba faida yake ni 10 atajuaje kwamba sasa imebaki 6 na senti kidogo? Ataendelea kuuza kwa bei ile ile, ashangae.

Na juu ya mikopo ya simu twapenda kusema kwa haki. Huduma ya M-Shwari ilipoanza Novemba 2012, ada yake ilikuwa asilimia 7.5 kwa siku 30. Aliyekopa shilingi 10,000 alilipa ada ya shilingi 750. Kwa mwezi mmoja, si neno. Lakini mtu akikopa ili kulipa, na kulipa ili akope, mwezi kwa mwezi, mwaka ukiisha amelipa shilingi 9,000 na zile 10,000 bado zadaiwa. Vyama vingi vya akiba na mikopo katika nchi hii hutoza asilimia 1 kwa mwezi juu ya deni lililobaki. Shilingi 10,000 zile zile, zikirudishwa kwa mafungu 12 yaliyo sawa, huleta riba ya shilingi 650 kwa mwaka mzima. Yaani mwaka wa chama ni nafuu kuliko mwezi mmoja wa simu. Basi kwa nini watu huikimbilia simu? Kwa sababu simu haiulizi wadhamini, haitaki fomu, na huamka saa sita za usiku bila kununa. Hapa na sisi tuna lawama. Fomu za wanachama zimekaa juu ya meza yetu majuma matatu, na pengine zaidi, na mtoto aliyefukuzwa shule hangoji majuma matatu. Halmashauri imekubali kukutana mara mbili kwa mwezi, nasi twaahidi kwamba fomu hazitalala mezani petu.

Mambo haya si mapya. Wazee humu ukumbini huenda walisimuliwa na baba zao juu ya sheria ya mwaka 1948 iliyozuia mikopo kwa Waafrika. Mfanyabiashara asiye Mwafrika aliyemkopesha Mwafrika zaidi ya shilingi 200 bila idhini ya serikali hakuweza kudai deni lile mahakamani. Serikali ya kikoloni ilisema yatulinda tusizame katika madeni. Kwa kweli ilimfungia mwenye duka la Kiafrika mlango wa mwuzaji wa jumla. Katika miaka ya 1950 zikaanzishwa halmashauri za mikopo za wilaya. Baada ya Uhuru ikaja mikopo ya ICDC, na mwaka 1967 Sheria ya Leseni za Biashara, iliyotenga baadhi ya bidhaa na mahali kwa wananchi. Mlango ukafunguka. Walakini fedha nyingi za zile halmashauri za wilaya hazikurudi kamwe. Watafiti wawili, Peter Marris na Anthony Somerset, waliwachunguza Waafrika waliokuwa wakifanya biashara katika Kenya ya siku zile, wakatoa kitabu mwaka 1971. Na miongoni mwa mambo waliyoyaeleza ni ugumu wa kumwajiri jamaa, kwa kuwa jamaa haamriki kama mtumishi mwingine. Miaka zaidi ya hamsini imepita, na bado twasema habari hiyo hiyo.

Vijana hupenda sana kusimulia habari za Njenga Karume wa Kiambu, jinsi alivyoanza na kuuza makaa mpaka akawa msambazaji mkubwa wa bia, mbunge na waziri. Habari ni ya kweli. Mwenyewe aliiandika katika kitabu kilichotoka mwaka 2009, miaka mitatu kabla ya kufariki. Lakini wasimuliaji husimulia makaa, wakaisahau Kabete. Mtu yule alipitia Jeanes School ya Kabete, mahali ambapo leo pana Kenya School of Government. Makaa waliuza wengi.

Sasa twageukia walioajiriwa, ambao ndio wengi katika chama hiki. Mji wetu wa Thika uliitwa na wageni Birmingham ya Kenya kwa ajili ya viwanda vyake. Katika miaka ya 1990, soko lilipofunguliwa na nguo za mitumba zikaingia kwa wingi, viwanda vya nguo vilianguka, hapa na kwingineko nchini. Sisi tulikuwa watoto, lakini twamkumbuka baba wa rafiki yetu aliyetoka kiwandani baada ya miaka mingi kwenye mashine ya kufuma. Alijua kusikia kwa sikio kwamba uzi utakatika. Alitembea na ujuzi ule lango kwa lango, na kila lango aliulizwa karatasi, naye hakuwa na karatasi. Alimaliza siku zake akilinda geti la mtu.

Tangu siku zile sheria imebadilika, na twasikitika kuona jinsi wanachama wasivyoijua. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yasema kwamba kazi ya miezi mitatu au zaidi iwe na mkataba wa maandishi, na ni mwajiri apaswaye kuuandika. Yasema pia kwamba kibarua aliyefanya kazi mfululizo mwezi mmoja au zaidi, au aliyepewa kazi isiyoweza kumalizika kwa miezi mitatu, hawi kibarua tena kwa siku. Ana haki za mwajiriwa wa mwezi. Na mtu akiacha kazi, au akiachishwa, mwajiri hana budi kumpa hati ya utumishi, ikiwa alifanya kazi mfululizo majuma manne au zaidi. Hati hiyo hueleza jina lake na la mwajiri, siku aliyoanza, kazi aliyoifanya na mahali alipoifanyia, na siku aliyoacha. Haigharimu kitu. Ni wangapi humu wamewahi kuidai? Tulipouliza katika kikao cha tawi la Ruiru, mikono iliyoinuka ilikuwa michache hata tukaona haya kuihesabu.

Kwa hiyo twashauri kila mwanachama awe na faili moja nyumbani, la kadibodi, lisilo la fahari. Humo atie mkataba, na kama hakuna mkataba, aandike mwenyewe tarehe aliyoanza na jina la msimamizi wake. Atie karatasi za mshahara, barua za onyo na barua za sifa pia, hati za utumishi, vyeti. Mwajiri akishindwa kuonyesha mkataba mahakamani, sheria humtaka yeye athibitishe masharti anayoyadai. Lakini mfanyakazi mwenye faili husikilizwa upesi kuliko mwenye machozi.

Twaungama kwamba na sisi tulichelewa. Tulianza kazi ya kuandika mizigo katika ghala moja mjini Thika, tukiwa na cheti cha shule ya misheni na mwandiko mzuri. Mwandiko ule ulitupa kiburi. Baada ya miaka sita karani mkuu alistaafu, na sisi tulijua kwamba kiti ni chetu. Tulikuwa tumekwisha kuwaambia nyumbani. Akaletwa kijana kutoka nje, mdogo kwetu kwa umri, mwenye karatasi za uhasibu. Tulinuna mwaka mzima. Tulisema ni undugu, na labda undugu ulikuwapo. Lakini jioni moja tulikuwa tukihangaika na hesabu ya ghala iliyokataa kulingana, tangu saa nane mpaka giza likaingia. Kijana yule akavuta kiti, akatazama, akaonyesha kosa kwa dakika tano. Hakutucheka. Afadhali angetucheka.

Mwezi uliofuata tulijiandikisha katika masomo ya jioni kwa ajili ya mitihani ya KASNEB. Tulisoma kwenye meza ya chakula watoto wakisha kulala. Somo la kodi lilituangusha mara ya kwanza, tukalirudia. Ilichukua muda kuliko tulivyopanga, na mke wetu alibeba mizigo mingi ambayo haikuandikwa katika cheti. Lakini tulipata cheti, na kazi tuliyo nayo sasa tuliipata kwa cheti kile, mwandiko haukuulizwa.

Si kila mtu ni wa uhasibu. Mafundi wa jua kali, waashi, wachomeleaji, mafundi wa magari na wa umeme, wana mitihani ya ufundi inayosimamiwa na NITA, iliyoundwa mwaka 2011. Madaraja yake ni matatu. Mtu huanza na la tatu, hupanda la pili, kisha la kwanza. Fundi aliyejifunzia chini ya mti, kwa mkono wa fundi mwingine, aweza kuufanya. Hupimwa kwa kazi yake. Tunao katika chama hiki mafundi wenye miaka kumi na mitano ya nyundo ambao huajiriwa chini ya vijana wawafundishao wao wenyewe, kwa sababu ya karatasi ile tu. Wenye chuki na karatasi twawaelewa. Lakini chuki haipandishi mshahara.

Juu ya kuchagua mahali pa biashara tutasema neno moja. Barabara kuu ya Thika ilijengwa upya tangu 2009, ikafunguliwa rasmi Novemba 2012, na walio na umri wanakumbuka ni vibanda vingapi vilivyofifia kwa sababu magari hayakusimama tena mahali pale. Watu hawakupungua, walihamishwa na daraja la miguu. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019, mji wa Ruiru ulikuwa na watu 490,120, na Thika 251,407. Sisi wa Thika tumezoea kuiita Ruiru mdogo wetu, na yatupasa tuache. Atakaye kufungua duka na akae njia panda siku tatu, asubuhi na jioni, ahesabu miguu, aandike.

Na kwa kuwa tumeitaja Ruiru, wakulima wa kahawa waliomo humu waijua mbegu ya Ruiru 11, iliyotolewa mwaka 1985 na kituo cha utafiti pale Ruiru ili kushindana na ugonjwa wa matunda ya kahawa na kutu ya majani. Kazi ile ilichukua zaidi ya miaka kumi ya kuchanganya miti na kungoja. Miti iliyochanganywa ilipaswa kuandikwa, na wazazi wake, na namna ilivyopambana na ugonjwa. Kama wangelitegemea kumbukumbu za kichwa, tungelikuwa bado twapiga dawa mibuni ile ile ya zamani.

Wazee wetu, sasa twarudi kwa yule aliyesema kwamba daftari ni kumwita mtu mwizi. Twauliza kwa heshima: msiba ukitokea, si ninyi mnaotaka karani akae mezani na kuandika kila mchango? Si ninyi mnaotaka majina yasomwe kwa sauti mbele ya wafiwa, huyu shilingi 500, huyu shilingi 200, na jina likirukwa mnalalamika? Hakuna aliyewahi kusema kwamba kusoma majina msibani ni kuwaita watu wezi. Twasoma ili aliyetoa ajulikane kuwa ametoa. Daftari la duka ni jambo hilo hilo, ila linaandikwa kila siku badala ya siku ya kilio.

Na kuna haja nyingine, ambayo kwa kweli ndiyo iliyotusimamisha hapa. Mwenye duka kijana hawezi kumkatalia mjomba. Desturi haimruhusu, na sisi hatutaki desturi ife. Lakini akiwa na daftari ambalo chama kitalisoma, aweza kusema, "Mjomba, chukua, ila sina budi kuandika, maana chama kitaniuliza." Hapo lawama itatuangukia sisi makarani, nasi tumezoea. Wazee, ninyi mna nguvu ambayo pendekezo letu halina. Mzee akiingia katika duka la mwanachama akalipa fedha taslimu, tena akalipa mbele ya watu, vijana wote waliomo dukani wataona haya kuomba mkopo. Twaomba jambo hili kwenu kuliko hata kura yenu.

Twajua pendekezo lina upungufu. Wako mama zetu wasioandika. Kwa hao mjukuu aweza kuandika, mradi mwenye biashara mwenyewe aweze kueleza kilichoandikwa. Kama mtaona miezi mitatu ni mingi, iwe miwili; hatutagombana kwa ajili ya mwezi. Na daftari lenye makosa lisimnyime mtu mkopo. Twataka kuona kwamba ameandika, hata akiandika kwamba alipata hasara.

Ndugu yetu, kwa wanaouliza, sasa aajiriwa kuhesabu mizigo katika ghala moja huko Ruiru. Zile shilingi 6,430 tulimpelekea Desemba iliyopita. Alizikataa, tukaziacha juu ya meza, na baada ya siku mbili akatuletea risiti iliyoandikwa kwa mkono. Atarudi kuomba mkopo mwaka ujao ili afungue tena, naye ameanza kuandika tangu Septemba. Siku jina lake litakapoletwa mbele ya halmashauri, sisi tutatoka nje ya chumba.

Madaftari yako mezani karibu na mlango, shilingi 50 kila moja, na mhasibu atatoa risiti. Tutabaki ukumbini hadi saa kumi na moja kwa ajili ya yeyote apendaye kuonyeshwa jinsi ya kupiga mistari. Wenye rula na waje nazo, maana tunayo moja tu.